Sahana, Zima Gesi

Benchi la Vasu liko pale barabara ya Kukkupadi inapokata kona kwenda kanisani, chini ya bati linalotwangwa na mvua kuanzia Juni mpaka watu wasahau vumbi lina rangi gani. Zamani lilikuwa la kanisa. Parokia ilipoleta mengine mapya, hili likatupwa nyuma ya sakristia, Vasu akaliomba, akakata ubao wa kupigia magoti, akaliweka mbele ya mgahawa wake. Vasu mwenyewe ni Mhindu na ana miungu yake ukutani, ila husema ubao wa kanisa haukatai makalio ya mtu. Basi kila asubuhi misa ikiisha wazee walewale hukaa hapo na kahawa ya maziwa kwenye vikombe vya chuma, golibaje, zile bajia za unga, za moto kwenye kipande cha gazeti, na maneno. Maneno ndiyo mengi. Hapo serikali zimeangushwa, bei ya popoo imepandishwa na kushushwa, na Papa amechaguliwa kabla makardinali hawajafunga mizigo. Mwenye shida ya kweli hapeleki shida yake pale. Mzee Boni Lasrado alilijua hilo kuliko mtu yeyote, na bado asubuhi ile aliipeleka, kwa sababu ametumwa na mkewe.

Alifika amelowa mpaka magotini, akakung'uta mwavuli, akaketi bila salamu. Kijiweni walimwita Vigae, maana kazi yake yote aliimalizia kiwanda cha vigae kule mtoni. Upande mmoja alikaa Ligori, aliyeongoza kwaya tangu enzi za misa ya Kilatini, na huyo jina lake Latini. Upande wa pili alikaa Marshal, aliyeendesha malori Kuwait mpaka akarudi na kisukari na maoni. Huyo waliishia kumwita Kuwaiti.

— Nina swali, akasema Boni. Na nataka jibu, sitaki hadithi. Mtu akibatizwa nyumbani, ubatizo unashika au haushiki?

— Kabatizwa nani? akadaka Kuwaiti.

— Sijasema kabatizwa mtu.

— Severina, akasema Latini, anapuliza kahawa yake.

— Nimesema sijasema!

— Vigae, ndugu yangu, kwako kuna mtu mmoja tu mwenye ubavu wa kubatiza bila padri. Na kuna kichwa kimoja tu kisichobatizwa kinachoenea kwenye beseni.

Boni akajifunika uso kwa viganja. Hakukuwa na la kuficha. Kijiji kizima kilijua habari za nyumba yake. Mwanawe Melroy alimwoa Sahana, binti wa Kihindu kutoka ng'ambo ya mto, kwa hati ya serikali, bila kanisa wala hekalu. Siku hiyo Boni alisema kwenye simu maneno ambayo baba hamwambii mwana, na simu ikanyamaza miaka. Mpaka akazaliwa mtoto. Mtoto ndiye aliyefungua njia. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Sahana alikuja likizo na mwanawe Nihal, akamwacha Melroy Bengaluru amenyimwa ruhusa kazini. Kabla hawajaja, Melroy alitoa sharti moja: mtoto asipelekwe kanisani, asipelekwe hekaluni, akikua atachagua mwenyewe. Boni akasema sawa. Severina naye akasema sawa, ile sawa yake ambayo Boni, tangu amwoe, hajawahi kuiona ikimaanisha sawa. Na leo jioni Sahana na mtoto walikuwa wanapanda basi kurudi.

— Kaniamsha alfajiri, akasema Boni. Eti, 'Nilimbatiza jana bafuni, ila sina uhakika kama imeshika.' Nikamwambia, Severina, nusura tumpoteze mwanetu mara moja, hujashiba? Ananijibu, nenda kamuulize padri. Nikamwambia padri yuko mafungoni, simu kazima. Akasema, basi nenda kwa wajuzi wako wa kijiweni, si mnajua kila kitu? Niletee jibu kabla ya saa ya kumwogesha mtoto. Kama imeshika, atanyamaza. Kama haikushika, anarudia leo leo.

— Si arudie tu! akasema Kuwaiti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ubatizo hauna kibaba, akamkata Latini. Ni mara moja na basi. Ukishashika, kuurudia kwa makusudi ni dhambi kubwa.

— Ndiyo maana nauliza! akafoka Boni. Mnadhani nimekuja kunywa mvua?

Latini akaweka kikombe chini, akainua vidole vitatu kama anayetaka kuanzisha wimbo.

— Maji. Maneno. Nia. Maji ya kweli yamtiririkie kichwani. Maneno, 'Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.' Na nia ya kufanya kile ambacho Kanisa hufanya. Anayemwaga si hoja. Awe mama, awe bibi, awe mtu ambaye hata mwenyewe hakubatizwa.

Vasu akachungulia dirishani na jagi mkononi.

— Hata mimi?

— Hata wewe, Vasu.

Vasu akalitazama lile jagi, akaliweka chini taratibu kama lina nyoka.

— Miaka yote hii nawamwagia watu maji ya kunawa!

— Bila maneno na bila nia, ni kunawa tu. Tulia. Lete kahawa.

— Ngoja kwanza, akasema Kuwaiti. Tuanze na maji. Yalikuwa maji gani?

— Ya kuogea, akasema Boni. Ya mtungi wa shaba, yamepashwa.

— Ee! Maji ya moto! Mto Yordani nani aliupasha?

— Yawe moto, yawe baridi, ni maji, akasema Latini.

— Sawa. Na mtoto alikuwa kakandwa mafuta?

— Si mtoto mchanga? Anakandwa mafuta ya nazi kabla ya kuoga, kichwa kinang'aa kama kengele.

Kuwaiti akajipiga paja.

— Imekwisha hiyo! Ngozi haikuguswa. Maji yameteleza juu ya mafuta kama kwenye jani la mgomba. Kilichobatizwa ni nazi, bwana. Una nazi Mkatoliki nyumbani.

— Hata padri humpaka mtoto mafuta, akasema Latini.

— Padri anapaka tone, Severina anapaka kikombe! Kule Kuwait...

— Kule Kuwait ulibatiza watu?

— Sikubatiza. Lakini mafuta nayajua.

Boni akageuka kuitazama mvua. Nje, maji ya mtaro yalikuwa yameanza kuvuka barabara. Saa ya kuoga ilikuwa inakuja, na hawa wamekwama kwenye nazi.

— Maji hayanisumbui, akasema. Shida ni maneno.

— Hakuyamaliza?

— Aliyamaliza. Ila katikati yaliingia mengine.

— Mengine yapi?

Boni akatazama barabara juu na chini. Akainama.

— Amempakata mtoto, kopo mkononi. Akamwaga: 'Bonaventura, nakubatiza kwa jina la Baba.' Akamwaga tena: 'na la Mwana.' Hapo hapo presha kuka jikoni ikapiga filimbi, ikarudia, nyama ya nguruwe inataka kushika chini. Akapaza sauti: 'Sahana, zima gesi!' Kisha akamwaga ya tatu: 'na la Roho Mtakatifu.'

Kuwaiti akairudisha golibaje yake kwenye gazeti.

— Kwa hiyo, akasema Kuwaiti polepole, mtoto kabatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na Sahana zima gesi, na la Roho Mtakatifu.

— Usicheke.

— Sicheki. Natafuta pa kushika.

— Kampa jina lako, akasema Latini.

Kwao akina Boni, mjukuu wa kwanza wa kiume huchukua jina la babu. Melroy alipotangaza kwamba mtoto ataitwa Nihal, Boni alisema jina zuri, akatoka kwenda kuangalia kisima ambacho hakikuwa na tatizo lolote. Leo alfajiri, Severina alipotamka lile 'Bonaventura' gizani, kabla hasira haijafika kulipita jambo lingine kifuani mwake, jepesi na tamu. Alikuwa amefurahi. Na hilo ndilo lililomkera kupita yote.

— Padri akipiga chafya katikati ya maneno, akaendelea Latini, ubatizo hauvunjiki.

— Chafya si maneno! akasema Kuwaiti.

— Yule padri wetu wa zamani alisimama katikati ya sala akafukuza mbwa.

— Mbwa hakutajwa ndani ya ubatizo wa mtu!

— Kwetu sisi, akasema Vasu kutoka dirishani, mantra, yale maneno ya sala, ikikatwa inaanzwa upya.

— Vasu, hili si lako.

— Mmesema naweza kubatiza, halafu siwezi kutoa maoni?

— Tena kuna suala la nia, akasema Kuwaiti, ambaye sasa alikuwa amenoga. Severina alikuwa na nia ya kubatiza na nia ya kuokoa nyama, zote kwa pumzi moja. Njia mbili zilimshinda fisi. Fisi alipasuka msamba, bwana! Na yule hakuwa hata na presha kuka.

— Mama anaweza kunyonyesha na kukoroga uji, akasema Latini. Nia haizimwi na gesi.

— Jamani! Boni akasimama, akaketi tena kwa kuwa hakukuwa na pa kwenda. Nimewaomba neno moja. Umeshika, haujashika. Moja tu!

— Kwangu mimi umeshika, akasema Latini. Lakini kwa kuwa ipo shaka, kuna ubatizo wa sharti. 'Kama hujabatizwa, nakubatiza.'

— Kwa hiyo arudie.

— Asirudie yeye. Hilo ni la padri.

— Padri hayupo!

— Basi asubiri.

— Basi la Bengaluru linasubiri?

Latini akafungua viganja, kwamba yeye si mwenye mabasi. Kuwaiti akamalizia golibaje yake, akajifuta vidole kwenye gazeti, akawa na uso wa mtu aliyeona kitu.

— Mmesahau jambo moja kubwa. Aliposema 'Roho Mtakatifu', jina la mwisho kutoka mdomoni mwake lilikuwa la nani?

Akajijibu mwenyewe.

— La Sahana! Mtoto kaitwa mwanzo, kapata Baba na Mwana. Sahana kaitwa katikati, Roho Mtakatifu akamwendea yeye. Ndiyo sheria ya majina. Vigae, hujui bahati uliyonayo. Mgeni njoo mwenyeji apone! Una mjukuu Mkatoliki theluthi mbili, na una mkwe Mkatoliki theluthi moja.

— Theluthi ipi? akauliza mtu nyuma yao.

Boni aligeuka kwa kasi mpaka kahawa ikamrukia shati. Sahana alikuwa amesimama ukingoni mwa bati, mwavuli mkubwa wa Severina juu yake, Nihal amelala begani amefunikwa shali. Kandambili zake zilikuwa matope matupu.

— Sahana, mwanangu! Na mvua yote hii?

— Nimekuja kukuchukua, Baba. Mama kajifungia kwenye chumba cha sala tangu utoke. Hali, hasemi. Nimemuuliza ana nini, analia. Nikajua umekuja huku kuuliza mambo ya jana.

— Mambo... ya jana yapi?

— Baba. Mimi ndiye niliyezima gesi.

Vasu, ambaye huwa hatoki jikoni hata kwa mkuu wa wilaya, alitoka na kiti, akakipangusa kwa taulo la begani. Sahana akaketi. Akamgeuza mtoto bega la pili, na yule mtoto akatoa mguno mdogo, akaendelea kulala.

— Ukuta wa lile bafu haufiki juu, akasema. Nilisikia tangu neno la kwanza.

— Na ukanyamaza? akauliza Boni.

— Nilingoja aniambie. Wakati wa kula nikangoja. Jioni tumekaa wawili tunakunja nguo za mtoto, nikasema sasa ataniambia. Akaniambia soksi zimepungua.

Latini alikuwa akitafuta kitu chini ya kikombe chake.

— Haya, niambieni na mimi, akasema Sahana. Wazee mmekaa tangu asubuhi. Mmefikia wapi?

Latini akakohoa. Akaeleza, kwa heshima na kwa kifupi, yale yanayotakiwa ili ubatizo ushike: maji, maneno, nia. Safari hii hakuinua vidole.

— Na mimi niko kwenye lipi? akauliza Sahana.

— Vipi, mwanangu?

— Maji, maneno, nia. Mama yake mtoto yuko kwenye lipi?

Kuwaiti akafungua mdomo. Methali haikuja. Akaufunga.

— Ili kushika tu, akasema Latini, na sauti yake ilikuwa imeshuka, wewe humo. Ili kuwa sawa, umo. Kanisa linataka mzazi akubali, awe baba au mama. Mtu akibatiza bila hivyo, na mtoto hayuko hatarini kufa, ubatizo unashika, lakini amekosa.

— Kwa hiyo imeshika, na ni kosa.

— Naona hivyo.

— Na asubuhi yote mlikuwa mnajadili lipi kati ya hayo mawili?

Kuwaiti akalikunja gazeti la golibaje mara mbili.

— Mbona hakuniuliza? akasema Sahana.

Hakuisema kwa ukali. Aliisema kama mtu anayeuliza kituo kinachofuata. Boni alimtazama Latini, Latini akamtazama Kuwaiti, Kuwaiti akautazama mtaro.

— Tulijua ungekataa, hatimaye akanong'ona Kuwaiti.

— Nani alijua? Aliyesema mtoto atachagua akikua ni Melroy. Yeye naye hakuniuliza. Aliwatangazia ninyi kwenye simu, mimi nimekaa pembeni nanyonyesha. Mama yangu mzazi hajaniuliza. Anasema kuolewa nje ya dini ndiko huku, huulizwi. Bibi yangu huwasha mshumaa kwa Mama Maria kila mwaka, na kila asubuhi anapeleka maua hekaluni. Pengine ningesema ndiyo. Pengine ningesema hapana, na ningekuwa na sababu zangu. Sasa sitajua kamwe ningesema nini.

Boni alihisi ile hasira aliyotoka nayo nyumbani, aliyoibeba chini ya mwavuli na kuilisha kahawa, ikikosa mtu wa kumwangukia. Alikuwa amepita mlangoni mwa chumba cha huyu binti alfajiri, akasikia akimwimbia mtoto, akanyata ili asimsikie, akaja huku kuwauliza watu wa nazi na fisi.

— Hata mimi sikukuuliza, akasema.

— Hukuniuliza, Baba.

— Na Melroy? Akijua...

— Melroy nitamwambia mimi nikifika.

— Atawaka.

— Awake. Kwenye foleni ya kukasirika, yeye yuko nyuma yangu.

Vasu akatangaza kwamba maziwa yamekwisha na hakuna kahawa zaidi leo. Sufuria ya maziwa ilikuwa nyuma yake juu ya moto, imejaa mpaka ukingoni, kila mtu akiiona. Hakuna aliyebisha. Latini aliufungua mwavuli wa Boni akampa mkononi, na Kuwaiti, ambaye hajawahi kuondoka pale bila neno la mwisho, alisema tu, "Uangalie utelezi hapo kwenye daraja, mwanangu."

Walitembea sambamba, Boni upande wa magari. Walipofika, Severina alikuwa amekwisha kutoka, amesimama barazani, macho yamevimba, rozari imezungushwa mkononi kama bendeji. Alimwona mumewe kwanza.

— Wamesemaje?

Kisha akamwona aliye nyuma yake.

— Wamesema umuulize Sahana, akasema Boni.

Severina hakuwa mtu wa kuuliza. Maisha yake yote alikuwa amewaambia watu: kula, kaa, piga magoti, zima gesi. Hata Mungu alikuwa akimwomba kwa sauti ya kumtuma dukani. Akamtazama mkwe wake, akaitazama miguu yake yenye matope, akamtazama mtoto.

— Ungekataa? akauliza.

— Sijui, Mama.

— Niliogopa ungekataa.

— Najua. Na mimi niliogopa hutaniambia, na hukuniambia.

Severina akaketi kwenye ngazi ya baraza. Hakuomba msamaha, pengine hakujua neno hilo huanzia wapi. Alikunjua rozari kutoka mkononi, shanga moja baada ya nyingine, akaiweka pembeni yake juu ya saruji, na viganja vikabaki vitupu magotini.

Nihal akaamka. Akanyoosha ngumi, akakunja uso, akaanza kulia kilio cha mtoto aliyepitishwa saa yake. Sahana alimtuliza, akambusu kwenye utosi, akasimama hivyo kitambo, shavu lake juu ya kichwa cha mwanawe. Kisha akainama akamweka kwenye vile viganja.

— Muda wake wa kuoga umefika. Mwogeshe.

Severina akainua macho.

— Mimi?

— Wewe. Na mimi nitakuwa ndani pamoja nawe, siyo jikoni. Maji tu, Mama.

Severina akamkumbatia mtoto kifuani, akainuka kwa kushika nguzo, na alipojibu sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Boni, kwenye mvua ile, aliisoma midomoni zaidi ya kuisikia.

— Maji tu.

Wakaingia. Mlango wa bafu waliuacha wazi.